Ukili kwa Kila Mzigo

Nakumbuka masika fulani, enzi za Ujamaa, nikishika funguo za ghala la ushirika wa wachuuzi Kariakoo. Ghala lilikuwa finyu, mwanangu, kama unavyolalamika kwamba kumbukumbu ya kompyuta yako ni finyu. Nikaweka sheria: kila mwenye fungu kwenye mzigo afunge juu yake kipande cha ukili, ule wa kusukia mikeka, akimaliza, afungue. Ukili wa mwisho ukitoka, nafasi iko wazi papo hapo.

Walinung'unika, maana kufunga na kufungua kulikula muda.

"Mama Zena, tutazeekea mlangoni kwako!" alinichokoza Mangi, muuza vitunguu.

"Zeeka taratibu, Mangi. Nafasi ya bure haipo."

Ghala la jirani hawakufunga chochote. Waliingia mbio, wakatoka mbio. Ila likijaa, mlango unafungwa, wanakagua gunia moja moja kutafuta lisilo na mwenyewe, na mteja angoje.

Basi lori la Mangi likafika, wingu jeusi juu yake. Vitunguu vile ndivyo mtaji wake wote. Jirani wamefunga, wanakagua. Mimi nikatupa jicho tu: pasipo na ukili, weka! Yakabaki magunia machache nje, na ndani, pembeni, marundo mawili ya matenga matupu, kila moja na ukili wake.

"Ya nani haya?"

Nikaufuata ukili kwa mkono, kisha tena, maana mara moja siiamini. Wa rundo hili umefungwa kwenye lile, wa lile kwenye hili! Wenyewe walikubaliana lisitoke moja kabla ya jingine, kisha wakaenda zao. Hesabu yangu ya ukili isingeyaachia hadi kiama.

Nikakata ukili, tukayatoa matenga. Gunia la mwisho likaingia, mvua ikamwagika. Mangi, aliyenizidi umri, akaniinamia: "Shikamoo, mama." Nikaitika marahaba, tena kwa sauti.

Kwa hiyo, mwanangu, kuhesabu kila hatua utakulipia kwa mwendo. Nafasi ikiwa finyu, na hutaki programu yako isimame ghafla, lipa bila kinyongo. Nafasi ikiwa tele, nenda mbio, ufagie baadaye. Lakini ukichagua kuhesabu, zunguka mara mojamoja utafute vilivyoshikana vyenyewe bila mwenyewe, maana hivyo hesabu haivioni. Mungu akupe jicho la kuvibaini, na mkono usiotetemeka wakati wa kukata.