Kondoo Dume wa Mazoezi

Shule yetu ya msingi kule Kilolo ilikuwa na shamba la viazi, bustani ya kabichi na kondoo dume mmoja mwenye roho mbaya. Miaka ile ya sabini kila shule ilitakiwa kujitegemea, na sisi tulijitegemea kwa kufuga mnyama aliyemchukia kila mtu.

Mwalimu wa michezo, kijana aliyehamia kwetu kutoka Mbeya, alitutazama tukicheza mpira akasikitika.

"Wazito kama magunia! Mchezaji lazima awe mwepesi, ageuke kabla adui hajamfikia."

Alianza kwa kutukimbiza pekupeku kwenye matuta ya viazi, turuke huku na huku bila kukanyaga mche. Tuliikanyaga miche yote. Mwalimu mkuu akafoka, mazoezi yakahamia uwanjani. Hapo ndipo mwalimu wa michezo alipomkumbuka kondoo.

Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umetanda, alimfungulia katikati yetu. Dume lile halikuhitaji maelezo. Liliinamisha kichwa, likamfuata beki wetu wa kushoto na kumbwaga kwenye umande.

"Kwepa! Geuka! Usimpe mgongo!" alipaza sauti mwalimu, mwenyewe akiwa amening'inia kwenye mtambaa wa panya wa goli, miguu ameikunja.

Mimi nilikuwa golikipa. Baada ya wiki kadhaa hakuna aliyenifikia kwa wepesi. Kitu kikinijia tu, mimi nimeshafika pembeni.

Siku ya mechi na shule ya jirani, washambuliaji wetu waliwapita mabeki wa wageni kama samaki anayeteleza mikononi. Mabao matatu kabla ya mapumziko! Mwalimu alicheza ngoma peke yake.

Kipindi cha pili wageni wakapiga shuti la kwanza, likanijia tumboni moja kwa moja. Nikaruka pembeni kwa ustadi mkubwa. Goli. La pili, vilevile. La tatu nililikwepa nikiwa nimefumba macho.

Mwalimu akaja mbio nyuma ya goli. "We mtoto! Mbona unaukimbia mpira?"

"Si ulisema tukwepe, mwalimu?"

"Nilisema mkwepe kondoo!"

"Lakini mpira una kasi kumshinda."

Alinitoa golini papo hapo. Tukatoka sare, na tangu siku hiyo nikawa winga wa kulia.

Nyumbani mama aliniuliza, "Mechi imekwendaje, mwanangu?"

"Nzuri sana, mama. Sijaguswa hata kidogo."