Makao Makuu Yako Ilipo Mbuzi ya Bibi

Watoto wa siku hizi wakitaka kucheza lazima kwanza simu ijae chaji. Enzi zetu Bagamoyo tulihitaji mbuzi ya kukunia nazi tu, tukawa na dola nzima.

Mwalimu wa historia ndiye aliyetutia wazimu. Alitufundisha kwamba Wajerumani waliweka makao makuu yao kwetu, kisha wakayahamishia Dar es Salaam kwa kuwa bandari yetu haikuwa na kina, meli kubwa zilishindwa kukaribia. Nilivimba kichwa, halafu nikanuna mpaka kengele ya kutoka.

Binamu yangu Salma, mkubwa kwangu, alikuja likizo kutoka hiyo hiyo Dar. Akageuza somo mchezo. Gavana alikalia mbuzi ya Bibi, khanga begani, akijihadhari na lile jino la chuma, akitoza kodi ya ubuyu. Kila zamu yangu ya ugavana ikifika, Salma anatangaza, "Makao makuu yanahamia Dar!" Dar ilikuwa baraza ya jirani, ng'ambo ya uchochoro. Anajitwika mbuzi, raia wote wanamfuata mbio, nabaki mimi na kuku. Roho iliniuma jamani! Nilitaka kiti kibaki kwetu walau siku moja.

Kuna siku Bibi alishavunja nazi, mbuzi haionekani. "Nyie mabwana wakubwa, leo mtakula historia?" Akabeba beseni lake, akavuka uchochoro, akakuna huko huko Dar. Mimi nikasusa, nalinda mji.

"Njoo huku, mjukuu wangu," akaniita. "Mji usio na watu ni gofu."

Nilishikilia msimamo mpaka nilipoona wenzangu wanakula nazi iliyokunwa kwa sukari.

Leo nipo Woodbridge, huku Marekani, Salma yupo Sterling, na Washington ipo jirani wala haina habari nasi. Mbuzi niliirithi mimi. Wanangu wanaiwekea simu juu, na nikikuna nazi wananicheka, eti ninunue tui la kopo: "Mama, just buy the can!"

Jumapili iliyopita Salma alikuja, akala wali akashiba, kisha akaikwapua mbuzi. "Makao makuu yanahamia Sterling!"

"Dada Salma, iweke chini!"

"Kwenu hakuna kina, mdogo wangu."

Zamani mji mkuu ukihama, mtaa mzima ulikimbia nyuma yake ukipiga vigelegele. Wanangu hawakuinua hata macho. Salma akawasha gari, nami nikasimama sebuleni kama nilivyosimama na wale kuku.

Nikachukua beseni, nikavaa viatu, nikamkimbilia.