Mwenye Plau

Meneja alikuja kutoka Dar na viatu vinavyong'aa, na vumbi la Mpanda likamshughulikia siku hiyo hiyo. Alikuwa ameleta plau za kampuni, za kukokotwa na ng'ombe, kwenye maonyesho ya wakulima. Aliniajiri kwa majaribio kwa sababu nilijua Kisukuma, na wanunuzi wengi wa plau walikuwa watu wetu, waliohamia huku na ng'ombe wao. Maonyesho yakiisha angeamua kama nibaki kazini au nirudi kijijini Mwamkulu kwenye jembe la mkono.

Masharti yake sikuyaona magumu. Usikae mteja akiwa amesimama. Usitafune kitu bandani. Banda la jirani usiliseme vibaya hata ukiulizwa. Yaliyonishinda ni magoti. Kwetu binti hamsalimii mkubwa akiwa amesimama wima kama nguzo ya simu. Anapiga goti kwanza, ndipo anasalimu, na mkubwa hamwanzi mtoto salamu. Asubuhi ya kwanza niliwapigia magoti wazee wote waliopita, mpaka sketi ya kampuni ikawa nyekundu.

"Binti," meneja aliniambia kwa upole, "mteja akikukuta chini anadhani tuna shida, anashusha bei. Simama, mtazame, mpe mkono. Ukiwa humu ndani wewe si binti wa mtu. Wewe ni kampuni."

Jioni nikamsimulia mama, nikingoja awake. Aliendelea kusonga ugali, akauliza tu kama hiyo kampuni inanipa chakula cha mchana. Nikamwambia inanipa. Akapakua. Nililala na wasiwasi, maana kesho yake, siku ya mwisho ya maonyesho, alikuwa anakuja na wanawake wenzake.

Walifika jua likiwa limeshapanda, viatu wamevibeba mkononi njia nzima, wakavivaa getini. Nilimwona mama tangu mbali. Meneja alikuwa nyuma yangu akipanga vipeperushi. Wale wanawake walisimama kando, wananitazama magoti wala si uso. Nisipopiga, mama atasemwa Mwamkulu nzima kwamba kazaa binti asiye na adabu. Nikipiga, kazi ndiyo imekwenda. Na magoti yenyewe yalishaanza kukunjika bila kuniuliza.

Mama akaniwahi.

"Habari za kazi, dada," akasema kwa Kiswahili, akaninyooshea mkono.

Mama yangu huyu, ambaye hakuwahi kumwanza mtoto salamu maishani mwake. Niliushika ule mkono mgumu.

"Nzuri, mama. Karibu kwenye banda letu."

"Hii plau, ng'ombe wadogo wataiweza?"

Jibu alikuwa amenifundisha yeye, shambani, tangu nikiwa mtoto wa kuongoza ng'ombe. Nikaeleza jinsi ya kuipandisha isizame sana mpaka ng'ombe wazoee. Akauliza tena, swali la udongo mgumu, akaniacha niseme mpaka mwisho. Wanaume waliokuwa wanapita wakasogea kusikiliza, na mmoja wao akaagiza.

Mama alipoondoka nilimsikia mwenzake akimuuliza, "Mbona mwanao hakupigii goti?"

"Hapa sijamkuta mwanangu," akajibu. "Nimemkuta mwenye plau."

Alasiri meneja aliniambia Jumatatu niripoti ofisini, kazi nimepata. Kisha akauliza, "Yule mama mwenye maswali ya maana, unamfahamu?"

"Ni mama yangu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulisema humu ndani mimi si binti wa mtu."

Alivua kofia, akaishikashika, akaivaa tena. Halafu akasema banda atalifunga mwenyewe, mimi niwahi nyumbani.

Nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, ameshanawa miguu. Nilikuwa bado na sare ya kampuni na kitambulisho kifuani.

"Wamekuchukua?"

"Wamenichukua."

"Vizuri." Akatengeneza kanga yake, akakaa sawa. "Haya. Sasa nisalimie."

Nikapiga magoti yote mawili palepale vumbini.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia mama kwa Kisukuma.

Aliweka mkono wake kichwani kwangu, akauacha hapo. Kumbe siku nzima alikuwa anaingoja salamu hiyo.