Nondo wa Kwenye Marejea

Kando ya shamba letu la mahindi huko Usevya, mama aliacha marejea, ile mimea ya maua ya njano inayorutubisha udongo, yajiotee. Ukipita katikati yake mchana, nondo wadogo weupe wenye madoa mekundu na meusi walikuwa wanaruka mbele ya miguu yako, halafu wanatua hapo hapo karibu. Hawakuwa na haraka. Kuku wetu aliwahi kumdonoa mmoja, akamtema, akafuta mdomo mchangani. Ni wachungu, na uchungu huo wanautoa kwenye marejea wanayokula wakiwa bado viwavi.

Kwetu nondo akiingia ndani hafukuzwi, maana yake mgeni yuko njiani. Tangu kaka yangu aende machimbo ya dhahabu na simu yake isipatikane tena, mama hakuwa na mgeni mwingine wa kumsubiri. Akiingia nondo wa madoa, alikuwa anaongeza mchele sufuriani, fungu la kaka. Mimi niliona ni upuuzi mtupu, ingawa kiporo chake nilikila asubuhi bila aibu.

Msimu huu nikiwa kazini Mpanda mjini, mama alikuta viwavi wamejaa kwenye maganda ya marejea. Mwaka jana viwavijeshi walimmalizia mahindi, kwa hiyo aliingiwa na hofu. Akaazima bomba kwa jirani, akayapulizia dawa marejea yote, kisha akayafyeka na kuyachoma. Viwavi wale hawagusi mahindi, lakini nani angemwambia?

Niliporudi likizo mahindi yalikuwa yamestawi. Mama alikuwa amekonda. Tulikuwa tunachambua mchele mlangoni aliponiuliza.

"Hivi wale nondo wa madoa wamepatwa na nini? Hata mmoja haingii."

Ningeweza kumwambia watarudi na mvua. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo wa nyumba ile, kila mtu akimwambia kaka anakuja.

"Mama, wale viwavi uliowapulizia dawa ndio wanaokuwa nondo."

"Wale wale?"

"Wale wale, mama."

Aliangalia pale palipokuwa na marejea, akaendelea kuchambua. Jioni alipobandika sufuria, alipima mchele wa watu wawili tu.

"Ongeza kidogo, mama," nilimwambia. "Leo nina njaa."

Akaniangalia, akafunika sufuria.