Pumzi ya Fundi Randa

Kwenye karakana ya seremala waliyemzoea kwa jina la Fundi Randa, kukohoa hakukuwa ugonjwa, ilikuwa kazi. Vumbi la mbao likiwabana, mafundi hunywa maziwa, eti yanaosha kifua, kisha hao, wanarudi kwenye msumeno. Ndivyo alivyofundishwa tangu ujana, na sasa mvi zilishaanza kumchungulia kidevuni.

Kwa hiyo homa ilipompanda na kikohozi kikawa kizito, akanywa maziwa. Kesho yake akanywa tena.

"Baba Watoto, twende hospitali," mkewe akasema.

"Kwa vumbi hili hili? Wewe nawe, unanizika mapema!"

Ikafika siku akawa hamalizi neno bila kutweta, na midomo imemgeuka rangi kama aliyelamba wino. Mkewe hakubishana tena. Aliita teksi.

Daktari alimbana kidude cha kupima oksijeni kidoleni, akamsikiliza kifua, akakunja uso. "Nimonia, mapafu yote mawili. Mbona umechelewa hivi?"

Wodi ilijaa watu wa rika lake, wenye kazi zao na watoto shuleni, kila mmoja na bomba la oksijeni puani. Kitanda cha pili alilala dereva wa lori.

"Karibu, fundi," akasema kwa tabu. "Hapa hewa inatoka ukutani. Vuta tu, haina foleni."

Fundi alitaka kucheka, kikohozi kikamkata. Aliogopa hata kusinzia. Akisinzia, nani atakikumbusha kifua kupanda na kushuka?

Mchana mmoja manesi walivuta pazia kwa dereva. Miguu ikakimbia, sauti zikashuka, kisha kimya. Pazia lilipofunguliwa, nesi alikuwa anafuta godoro tupu. Fundi alilishika bomba lake kwa mikono miwili.

Dawa zikafanya kazi, homa ikashuka. Nesi akaja. "Leo tunajaribu bila oksijeni, baba."

"Usiitoe, dada, nakuomba. Mwenzangu yule..."

"Mwenzako alikuja amechelewa kuliko wewe. Nipo hapa hapa, siondoki."

Mkewe, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda, alimfungua vidole kimoja kimoja. Bomba likatoka. Fundi akabana midomo, macho yamemtoka, anamtazama mkewe kama mtu anayeaga. Kifua kikabaki palepale.

"Vuta, Baba Watoto." Mkewe akamgusa kifua. "Vuta, bwana!"

Akavuta. Pumzi ikaingia nusu, ikakwaruza, ikatoka. Akaogopa kuitafuta ya pili. Akaitafuta.