Marehemu Aliyekuja Mwenyewe Kihagara

Kazi ya kuandikisha wapiga kura niliianzia Mbaha, kijiji cha kando ya ziwa, katika darasa la shule ya msingi. Nilikuwa mwalimu, nikateuliwa mwandishi msaidizi, yaani yule anayechukua maelezo ya mtu: majina, tarehe ya kuzaliwa, mahali anapoishi. Mwenzangu aliendesha mashine, akipiga picha na kuchukua alama za vidole. Asubuhi ile afisa mwandikishaji wa jimbo, mzaliwa wa Tanga mwenye sauti nzito, alitupitia kabla hatujafungua mlango.

"Mwalimu, hapa hakuna bwana mkubwa," aliniambia. "Padre na mvuvi wanapanga foleni moja. Ukikosea jina leo, atakayehangaika siku ya kura ni mwenye jina, si wewe."

Nilijifunza mengi. Akina mama waliozoea kumenya mihogo vidole vyao vilikuwa vimesuguka hata mashine ikagoma kuvisoma. Tuliwapa maji na kitambaa safi, wakanawa huku wakitutania, tukajaribu tena mpaka ikakubali.

Baadaye nilipangiwa Kihagara, hukohuko ziwani, wakati wa kuweka wazi daftari la wapiga kura. Hapo orodha ya awali hubandikwa ukutani ili kila mtu ajikague na kosa lisahihishwe mapema. Wengi hawaji. Husema, "Si nina kadi?" Bibi Osmunda, mkulima wa mihogo, alikuja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nitafutie jina langu."

Nililikuta kwenye karatasi ya walioondolewa. Sababu: amefariki. Mwanamke mwenye majina kama yake alikuwa amefariki kijijini hapo, ndugu wakatoa taarifa, likafutwa jina la aliye hai. Nilimweleza kwa sauti ya chini. Akapiga makofi.

"Kumbe msiba wangu umeshapita, na ugali sikuonja!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yeye akaacha kucheka.

"Lakini mnirudishe. Sijawahi kukosa kura, na sitaanza kukosa nikiwa hai."

Nilimwita afisa mtendaji wa kijiji, akathibitisha kuwa ndiye. Msimamizi wetu wa kata, mama mmoja kutoka Bukoba, akakagua kadi yake ya zamani na alama za vidole. Zikalingana. "Mrudisheni," akasema, "na marehemu halisi aondolewe kwa heshima yake." Kadi mpya ilipotoka, wanawake waliokuwa nje walipiga vigelegele, wakamsindikiza njia nzima wakicheza kioda, ngoma ya wanawake wa huko. Siku ya uchaguzi nilimwona akitoka kituoni, kidole chenye wino amekiinua juu kama bendera.

Sasa nimestaafu, nimepanda milimani Mbinga kulima kahawa. Jina langu lilibaki ziwani, maana daftari halihami na mwenye jina. Ni lazima uende mwenyewe kuhamisha taarifa zako. Uboreshaji wa daftari ulipofika, niliwapitia majirani baada ya misa, tukaenda pamoja. Mmoja alikuta jina la baba yake limekosewa, likarekebishwa palepale. Zamu yangu ilipofika nilikaa kwenye kiti ambacho miaka yote niliwakalisha wengine.

"Mama, tulia nikupige picha," binti wa mashine akasema. "Usicheke."

Nilishindwa. Alirudia mara kadhaa, mwishowe naye akacheka, akaniacha hivyo hivyo, meno yote nje.