Bibi Alitaka Tutembee

Bibi yangu hakujua kusimulia akiwa amekaa. Ukimwuliza habari za ukoo, anatema maganda ya kahawa aliyokuwa akitafuna, anashika fimbo: "Twende." Kibanja chetu cha Izigo, shamba la ukoo, kilikuwa na makaburi kila upande, hayana msalaba wala jiwe, migomba tu, naye alitaja watu kwa kuwapitia mmoja mmoja. Hapa fulani, aliletwa kwa machela toka Muleba. Hapa shangazi fulani, alimkimbia mume akarudi na hasira zake. Likizo nilimfuata mara mbili tatu, masikio yangu yako kwingine.

Nilipokuwa mwalimu wa misheni, mwenye kaptula ya pasi na kichwa kikubwa, nikataka historia yenye mpangilio. Siku niliyokwenda kuiandika kulikuwa na manyunyu, na viatu vyangu vilikuwa vipya. "Bibi, kaa hapa unitajie tu." Akanitazama. "Nikikaa nitawachanganya, mjukuu wangu." Nikang'ang'ania. Akakaa, akataja watu kumi na saba, wa mwisho babu, "upande wa mtoni". Nikaandika yote kwa wino, nikajiona nimemaliza kazi. Mjinga mimi!

Bibi alifariki mwaka huohuo. Jirani wa upande wa mtoni, ambaye bibi akiwa hai hakuthubutu kufungua mdomo, akatushitaki kwamba nusu ya chini ya kibanja ni ya kwao. Tata, baba yangu, akarudi kutoka Uganda, alikokwenda kutafuta kazi nikiwa bado mgongoni. Msiba wa babu ulimkuta hukohuko, hivyo hakuwahi kuona alipozikwa.

Siku ya kesi wazee wa baraza walikuja migombani. Kwetu kibanja ni cha yule anayewajua waliolala ndani yake. Mkuu wao akasema, "Mwalimu, tuonyeshe." Nikasoma majina kwa sauti ya darasani. Akanikatiza. "Tumesikia. Huyo wa tatu yuko wapi?" Nikatazama migomba. Yote ilikuwa sawa. Jirani yeye alitembea, akagonga fimbo hapa, akagonga pale: huyu wetu, na huyu wetu. Uongo mtupu, nasema mpaka leo, lakini alitembea.

Nusu ya chini ikaenda. Sikulia wala sikukasirika. Kesho yake nilifundisha hesabu. Watu wakanipa pole, nikaitikia. Hata aibu ilichelewa kuja.

Kahawa ilipokwisha kuvunwa, Tata alikwenda kwa jirani, nami nyuma yake. Akavua kofia, akaomba aingie ammwagie baba yake rubisi kidogo, pombe yetu ya ndizi, basi. Jirani siku hiyo hakuwa na ubaya. Akatupisha njia.

"Pita, mzee wangu. Yuko wapi?"

Tata akageuka, akanitazama mimi.